Waya Ukikatika Chini ya Bahari

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 watu wengi wa Dar es Salaam walizitazama simu zao wakadhani zimeharibika. Barua walizoziandika hazikuondoka, picha walizoziomba hazikuja, na mwenye jamaa ng'ambo hakuweza kumwona usoni kama alivyozoea. Simu zilikuwa nzima. Mbali nao, zaidi ya kilomita elfu mbili upande wa kusini, katika maji ya pwani ya Natal, nyaya mbili zilizolazwa chini ya bahari zilikuwa zimekatika. Mmoja huitwa EASSy na wa pili Seacom. Waziri wa Habari wa Tanzania wa wakati huo, Nape Nnauye, aliwatangazia wananchi ya kuwa nyaya hizo zimekatika baina ya Msumbiji na Afrika Kusini. Na Ubalozi wa Marekani mjini humo ukafunga milango yake kwa umma muda wa siku mbili, kwa sababu mtandao uliosalia haukutosha kufanyia kazi.

Nairobi nako watu walinung'unika siku hiyo, lakini kunung'unika ni kitu kimoja na kunyamazishwa ni kitu kingine. Kenya ilichechemea, Tanzania ilianguka. Uganda, Rwanda, Malawi, Msumbiji na Madagaska ziliguswa, kila nchi kwa kadiri yake. Jeraha lilikuwa moja na siku ilikuwa moja, wala hapakuwa na adui aliyechagua nani aumie na nani asalimike. Mbona basi maumivu hayakulingana? Hilo, msomaji, ndilo swali ninalotaka tulifuate pamoja, na ili tulijibu sawasawa sharti turudi nyuma zaidi ya miaka mia moja na sabini, maana nyaya za bahari zina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani.

Kwanza tuondoe dhana moja. Kwa kuwa simu ya mkononi haina mkia, watu huamini ya kuwa habari zake huruka angani mpaka Ulaya kama ndege wahamao. Sivyo. Habari huruka kutoka mkononi mwako hadi mnara ulio karibu, na kutoka hapo husafiri ardhini kama mizigo mingine, hushuka pwani na kuingia majini. Zaidi ya sehemu 95 katika kila mia za habari zipitazo baina ya mabara hupita chini ya bahari. Waya wenyewe ni mnyonge kwa kuutazama. Katika kilindi kirefu si mnene kuliko mpira wa kunyweshea bustani, na ndani yake mna nyuzi chache za kioo, nyembamba kama unywele, ambamo mwanga humemeteka kwa hesabu na kuchukua maneno. Karibu na ufuko, mahali penye nanga na nyavu, huvikwa deraya ya chuma. Kila baada ya kilomita 60 hadi 100 hufungwa chombo cha kuutia mwanga nguvu mpya, kwa maana mwanga nao huchoka safarini.

Mwanzo wa mambo haya ulikuwa wa simu ya maandishi. Mwaka 1850 ndugu wawili wa Kiingereza, John na Jacob Brett, walilaza waya wa shaba kutoka Dover hadi pwani ya Ufaransa. Shaba ilifunikwa kwa utomvu mgumu wa miti ya Malaya, maana plastiki ilikuwa haijajulikana. Waya ule haukumaliza hata siku mbili, ukakatika. Mwaka uliofuata walilaza mwingine uliozungushiwa chuma, nao ukadumu. Mwaka 1858 Uingereza na Marekani ziliunganishwa kuvuka Bahari ya Atlantiki. Salamu za Malkia Victoria kwa Rais Buchanan zilikuwa na maneno 98, zikachukua saa 16 kufika. Watu walicheza barabarani kwa furaha. Baada ya majuma kama matatu waya ukafa, kwa kuwa fundi wake aliutia nguvu za umeme kupita kiasi, na bara mbili zikarudi katika kungojea meli mpaka mwaka 1866.

Wakati huo sisi wa upande huu wa dunia tulikuwa na pepo zetu. Habari za Uarabuni na Bara Hindi zilikuja na kaskazi na kurudi na kusi, na aliyekosa msimu alingoja mwaka mwingine. Mwaka 1859 na 1860 kampuni moja ya Kiingereza ilijaribu kulaza waya katika Bahari ya Shamu hadi Bara Hindi. Ulivutwa ukakaza mno juu ya majabali ya chini ya maji, ukaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo, ukaliwa na kutu na kuvunjika kipande kwa kipande. Mwaka 1870 ulilazwa mwingine, kutoka Suez kwa njia ya Aden hadi Bombay, nao ulifaulu. Tangu siku hiyo Bahari ya Shamu imekuwa mlango wa habari baina ya Ulaya na Mashariki. Shika jambo hilo moyoni, kwa maana tutalirudia.

Kilichouleta waya kwetu kilikuwa vita vya wengine. Tarehe 22 Januari 1879 Wazulu waliliangamiza jeshi la Waingereza huko Isandlwana. Dola kubwa kuliko zote za wakati huo haikujua msiba wake mpaka tarehe 11 Februari, maana habari zilitoka Afrika Kusini kwa meli hadi visiwa vya Atlantiki ndipo zikapata waya. Serikali ya London iliona aibu, ikaona na hatari. Na kabla ya mwaka kwisha waya ulikuwa umelazwa kutoka Aden hadi Unguja, kutoka Unguja hadi Msumbiji, na kutoka huko kwa njia ya Ghuba ya Delagoa hadi Durban. Mombasa haikupewa chochote. Kwa muda wa miaka kumi na zaidi, mtu wa Mombasa aliyetaka kupeleka habari Ulaya ilimbidi kwanza aipeleke Unguja kwa chombo. Waya wa kutoka Unguja hadi Mombasa ulilazwa mwaka 1890.

Sasa chukua ramani, msomaji, na upitishe kidole juu ya njia ile ya 1879. Kisha upitishe kidole juu ya njia ya EASSy na ya Seacom. Utaona kidole kinapita karibu palepale. Mwanga umechukua mahali pa umeme na kioo kimechukua mahali pa shaba, lakini njia ni ya wazee. Ufuko uliofaa meli za mwaka ule ndio unaofaa leo, na mlango mwembamba uliokuwa hatari zamani ni hatari hata sasa.

Ya kuwa waya unaweza kukatwa kwa makusudi, mataifa yalijua mapema. Mwaka 1884 yalikutana Paris yakatia sahihi mkataba wa kuzilinda nyaya za bahari, uliomwadhibu mvuvi au nahodha azikataye kwa ubaya au kwa uzembe. Lakini mkataba uleule uliwaachia huru wapiganao wafanye watakavyo wakati wa vita. Basi vita vilipokuja havikungoja. Alfajiri ya tarehe 5 Agosti 1914, saa chache tu baada ya Uingereza kutangaza vita, meli yake ya waya iitwayo Alert iliingia katika mlango wa bahari baina ya Uingereza na Ufaransa, ikazivua kwa kulabu nyaya za Wajerumani na kuzikata. Ujerumani ikabaki na simu ya upepo, ambayo kila mwenye masikio aliweza kuisikiliza.

Pigo hilo lilifika mpaka kwetu. Dar es Salaam, uliokuwa mji mkuu wa Wajerumani, ulipata habari za Ulaya kwa waya uliopitia Unguja, na Unguja ilikuwa mikononi mwa Waingereza. Tarehe 8 Agosti manowari ya Kiingereza iitwayo Astraea ilikuja mbele ya mji kwa ajili ya mnara wake wa simu ya upepo, na siku hiyo mnara ukaangushwa. Tokea hapo koloni lile lilikuwa kama mtu aliyezibwa masikio. Msomaji, tazama matokeo yake miaka minne baadaye. Vita vilikwisha Ulaya tarehe 11 Novemba 1918. Jeshi la Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, lililokuwa likihama porini pamoja na askari na wapagazi wake Waafrika, halikujua. Tarehe 13 liliingia Kasama, katika nchi iitwayo leo Zambia, na siku hiyohiyo ndipo jemadari aliposoma habari za amani katika karatasi alizonyang'anywa tarishi wa Kiingereza. Siku mbili nzima wapagazi walibebeshwa mizigo ya vita vilivyokuwa vimekwisha. Nimezungumzia habari hii kwa kirefu kwa sababu watu hupenda kuhesabu hasara ya waya kwa fedha. Nami naona yafaa pia ihesabiwe kwa mgongo wa mpagazi.

Hata hivyo, adui si mkataji mkubwa wa nyaya. Kila mwaka duniani hutokea majeraha kati ya 150 na 200, na sehemu kubwa, kama robo tatu hivi, husababishwa na nanga za meli na nyavu za wavuvi wakubwa zikokotwazo chini. Papa wamesingiziwa sana. Waliwahi kuuma nyaya chache, na picha za kuuma huko zimependwa kuliko zinavyostahili. Lakini hesabu ya papa ni ndogo hata haifai kutajwa mbele ya hesabu ya manahodha.

Ardhi yenyewe nayo hukata. Tarehe 18 Novemba 1929 tetemeko lilipiga pwani ya Newfoundland, na nyaya 12 za Atlantiki zikakatika. Baadhi yake zilikatika palepale, lakini nyingine zilikatika moja baada ya nyingine katika saa zilizofuata, kila moja ikiwa katika kilindi kirefu kuliko iliyotangulia. Wataalamu waliumiza vichwa. Mwaka 1952 Bruce Heezen na Maurice Ewing walieleza ya kuwa tetemeko lilibomoa mteremko wa chini ya bahari, na mto wa matope ukaporomoka gizani ukizikata nyaya kwa zamu. Saa ya kila kukatika ilikuwa imeandikwa, kwa hiyo nyaya zilizokufa zikawa saa ya kupimia mwendo wa mto huo. Mito ya namna hiyo ingali ikishuka. Tarehe 26 Desemba 2006 tetemeko la kusini mwa Taiwan lilikata nyaya tisa, na meli 11 zikafanya kazi siku 49 kuziunga. Mwezi wa Agosti 2023 matope ya Mto Kongo yalikata nyaya mbili za pwani ya magharibi ya Afrika. Na tarehe 14 Machi 2024, karibu na Abidjan, ambapo korongo refu la chini ya bahari hukaribia sana ufuko, nyaya nne zilikatika kwa siku moja: WACS, MainOne, ACE na SAT-3. Ghana, Nigeria, Liberia, Benin na Côte d'Ivoire yenyewe zikaingia taabuni pamoja, kwa kuwa nyaya nne zilizohesabiwa kuwa njia nne zilikuwa zimepita katika korongo moja.

Hapo ndipo jibu letu linapoanza kuonekana. Lakini ili tulione vizuri, na turudi Mombasa.

Mpaka mwaka 2009 Afrika Mashariki yote haikuwa na waya wa kioo uliotoka baharini. Kenya ilizungumza na dunia kwa setilaiti, kwa vyungu vikubwa vya kituo cha Longonot kilichofunguliwa mwaka 1970 katika Bonde la Ufa. Setilaiti za namna ile hukaa juu kilomita kama elfu thelathini na sita. Swali na jibu lake hupanda na kushuka mara mbili, na nusu sekunde hupotea njiani hata kama hakuna msongamano. Na bei yake ilikuwa ya kumtoa mtu machozi. Jambo la ajabu zaidi ni kwamba barua iliyotumwa na kampuni moja ya Nairobi kwa nyingine ya mtaa uleule iliweza kupanda angani, ikatua Ulaya au Marekani, ikarudi tena Nairobi. Mwezi wa Novemba 2000 wenye kuuza huduma za mtandao walifungua mahali pa kubadilishana habari zao hapa hapa nchini, pajulikanapo kama KIXP. Shirika lililokuwa na haki ya pekee ya kubeba habari za ng'ambo likalalamika, na mahali hapo pakafungwa muda mfupi baadaye. Pakafunguliwa tena mwaka 2002. Usilipuuze jambo hili ukidhani ni ugomvi wa wafanyabiashara tu. Habari ambayo haina haja ya kuvuka bahari haiumizwi na nanga ya mtu yeyote.

Mwezi wa Juni 2009 waya uitwao TEAMS ulifika Mombasa kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu. Mwezi wa Julai Seacom ukawashwa, na mwaka 2010 ukafuata EASSy. Watu huuliza kwa nini Kenya ilijitwika gharama za TEAMS wakati nchi nyingi za kanda zilikuwa zimekubaliana kungoja EASSy. Sababu ni kwamba mazungumzo ya EASSy yalikuwa yamekokoteka miaka, nchi zikibishana nani atamiliki na nani atalipa, na Serikali ya Kenya ikachoka kungoja. Dakta Bitange Ndemo, aliyekuwa Katibu wa Kudumu katika Wizara ya Habari, alikuwa miongoni mwa waliousukuma mradi huo. Baadhi ya watu waliona ni kiburi. Mimi naona kukosa subira kule kulizaa njia iliyoelekea mashariki, penye bandari nyingine na pwani nyingine, badala ya njia ya tatu ya kufuata zile mbili.

Hiyo haina maana ya kuwa TEAMS haukati. Tarehe 17 Februari 2012 nyaya tatu zilikatika katika Bahari ya Shamu, EASSy ukiwa mmojawapo. Mafundi wakageuza mizigo, wakaipitisha kwingine. Siku nane baadaye, tarehe 25, meli moja iliyokuwa ikingojea zamu yake ya kuingia bandari ya Mombasa ilitia nanga mahali palipokatazwa, na nanga ile ikaukata waya wa TEAMS. Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Sudan Kusini zote zilipungukiwa, kwa kuwa zile zisizo na pwani hunywa katika kisima cha Mombasa au cha Dar es Salaam. Hata hivyo mtandao haukuzimika. Ulibaki Seacom, nao ukabebeshwa mzigo wa wenzake.

Fikiri juu ya njia kuu ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi. Mvua ikibeba daraja, magari hayasimami yote milele; huzunguka kwa njia ya udongo. Aliye na njia nyingine pana hufika akiwa amechelewa. Aliye na kichochoro hukwama katika msururu, na si kwa sababu kichochoro ni kibovu, bali kwa sababu magari ya watu wote yamekiingia. Hivyo ndivyo intaneti inavyopungua. Mwanga katika kioo huenda kama kilomita laki mbili kwa sekunde, basi kuzunguka kwa kilomita elfu kumi zaidi hupoteza sehemu moja ya ishirini ya sekunde kwenda, na kiasi hichohicho kurudi. Waweza kusema hilo si kitu. Lakini ukurasa mmoja hulazimu mashine zako ziulize na kujibiwa mara nyingi kabla haujafunguka. Kumi moja ya sekunde ikirudiwa mara thelathini ni sekunde tatu za kutazama kioo kitupu. Juu yake weka msongamano, ambao ni mbaya kuliko umbali, na mazungumzo ya uso kwa uso huvunjika kabisa wakati barua fupi ingali inapenya.

Aliye na daraja moja tu, yeye hana hesabu hizi. Mwezi wa Juni 2017 meli ya mizigo iliukata mkono wa EASSy ulioingia Mogadishu. Huo ndio uliokuwa waya wa pekee wa kusini mwa Somalia. Mogadishu ilikaa bila intaneti yake ya kawaida zaidi ya majuma matatu, na Serikali ikatangaza hasara ya dola milioni kumi za Marekani kila siku. Mji ule huishi kwa fedha za jamaa walio ng'ambo. Uupime mwenyewe uzito wa majuma hayo. Mombasa, iliyoko kwenye waya uleule, haikupatwa na giza hilo, kwani ilikuwa na njia nyingine. Kadhalika tarehe 15 Januari 2022 volkeno ya Hunga Tonga ilipolipuka, waya mmoja uliounganisha Tonga na Fiji ulipasuka na kufukiwa. Watu kama laki moja walipotea katika masikio ya dunia. Watonga walioko New Zealand na Australia walikaa siku kadhaa bila kujua kama wazazi wao wako hai. Waya ulirudishwa tarehe 22 Februari, na ule wa kuunganisha visiwa vyao wenyewe kwa wenyewe ulichukua mwaka mmoja na nusu.

Sasa tunaweza kurejea Dar es Salaam ya Mei 2024. Tanzania haikuwa na daraja moja. Ilikuwa na mawili makubwa. Lakini yote mawili yalipita katika ufuko mmoja wa Natal. Na upande wa kaskazini mambo yalikuwa yamekwisha kuharibika. Tarehe 18 Februari mwaka huo kombora la Wahouthi wa Yemen liliipiga meli ya mizigo iitwayo Rubymar karibu na Bab el Mandeb, mlango ambao Waarabu wenyewe huuita wa machozi. Mabaharia waliikimbia, na meli ikaelea bila mtu, ikikokota nanga yake. Tarehe 24 nyaya tatu zilikatika katika maji yale, Seacom ukiwamo, na uchunguzi mwingi unaitupia lawama nanga hiyo. Rubymar ilizama tarehe 2 Machi pamoja na shehena yake ya mbolea. Kwa hiyo mizigo mingi ya Afrika Mashariki ilikuwa imegeuzwa na kupelekwa kusini, izunguke kwa Rasi ya Tumaini Jema, wakati kusini nako kulipokatika. Kenya ilikuwa na TEAMS unaoelekea Fujairah, na nyaya nyingine mpya zilizofika Mombasa baadaye, ndiyo maana ikachechemea tu. Tanzania ilibanwa huku na huku.

Kuunga waya ni kazi ya polepole isiyokubali hamaki. Fundi aliyeko pwani hupeleka mwanga katika uzi uliokatika, akapima muda unaochukua kurudi kutoka kwenye jeraha. Kwa hesabu hiyo hujua umbali wake. Meli huenda mahali hapo, hushusha kulabu, huukokota waya kama mvuvi avuaye pweza asiyemwona, huuinua mwisho mmoja na kuufunga kwenye boya, kisha hutafuta mwisho wa pili. Sitahani, katika chumba kisafi, nyuzi za kioo huunganishwa moja moja kwa moto mdogo, na kipande kipya hutiwa katikati, maana ncha mbili zilizotolewa kilindini haziwezi kukutana juu ya maji bila nyongeza. Bahari ikichafuka, kazi husimama. Meli zenyewe ni chache. Leon Thevenin, iliyoundwa mwaka 1983 na kuwekwa Cape Town, ndiyo iliyokuwa imeshughulikia nyaya za Kongo mwaka 2023, ndiyo iliyopelekwa pwani ya magharibi baada ya Machi 2024, na ndiyo iliyozunguka hadi Natal mwezi wa Mei.

Natal kulikuwa na amani. Meli ilifika, ikavua, ikaunga, na kabla ya mwezi wa Mei kwisha Dar es Salaam ilikuwa imerudi kwenye mazungumzo yake. Katika Bahari ya Shamu mambo yalikuwa mengine. Makombora yalikuwa yakiruka, bima ya meli ilikuwa imepanda, na mafundi walihitaji ruhusa ya wenye nchi ya Yemen, ambayo ilikuwa na Serikali moja Aden na utawala mwingine Sanaa, kila mmoja ukidai bahari ni yake. Miezi ilipita kwa kuandikiana barua juu ya nani atoe ruhusa hiyo, na nyaya zilizokatika Februari zilikuwa zingali kilindini, vichwa vyake vimelala mchangani, wakati zile za Natal zilipokuwa zimekwisha kuungwa.